Masizi kwenye Sahani ya Bimkubwa

Bimkubwa alikuwa na vitu viwili visivyojua kulala: ufagio wake na ulimi wake.

Kabla jua halijapanda juu ya mapaa, ufagio ulikuwa umeshapita sebuleni, ukumbini na uani. Takataka alizikusanya nje, pembeni mwa ukuta, akazitia kiberiti. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya ulimi. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akaanza kuwapangia watu wa uchochoro siku yao.

"Wewe Unga! Umelala au umezimia? Watu wanataka kusagiwa nafaka zao!"

Unga alikuwa jirani wa mbele, mwenye mashine ya kusaga. Jina lake halisi watu walishalisahau. Alikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na jina likaja lenyewe.

"Nimeamka, Bimkubwa," Unga alijibu. "Kwa sauti hiyo, hata maiti atajifuta tongotongo."

Bimkubwa alifungua mdomo amrudishie. Neno halikutoka. Kilitoka kikohozi. Kilimkunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Alishika fremu ya mlango, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Unga aliacha kucheka. Alivuka uchochoro, akamletea maji.

"Hiki kikohozi kimekuzoea vibaya," alisema.

"Ni vumbi la unga wako," Bimkubwa alijibu huku akihema. "Unanisaga mimi pamoja na hizo nafaka."

Nyumba ya Bimkubwa ilikuwa nyumba ya kazi. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mwanawe mdogo, ambaye ni seremala. Humo kulikuwa na msumeno wa umeme, randa, na harufu ya gundi. Uani alifanya kazi mkamwana wake, mke wa seremala. Yeye alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni na sare za wafanyakazi. Chumba cha Bimkubwa kilikuwa katikati, na dirisha lake lilitazama uani.

Dirisha hilo lilikuwa raha ya maisha yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mkamwana aliwasha moto, akabandika sufuria kubwa la maji ya kufulia. Bimkubwa alifungua dirisha, akaweka mto kizingitini, akaegemeza viwiko. Hapo ndipo umbea ulipoanza. Walisengenya kwa adabu, walicheka bila adabu. Mama mkwe na mkamwana wengine hugombana. Hawa wawili waligombana siku moja tu, kwa sababu mmoja alisimuliwa habari tamu bila mwenzake kuwapo.

Seremala alimpeleka mama yake kituo cha afya. Walimpima makohozi, wakamsikiliza kifua. Hakuwa na kifua kikuu. Daktari alimwandikia dawa, kisha akasema, "Njia zake za hewa zimevimba. Kuna kitu anakivuta kila siku, kinamwasha. Dawa itamsaidia, lakini kitu hicho kisipoondolewa, mtarudi hapa."

Seremala alirudi nyumbani kichwa chini. Jioni, wakati wa kula, alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama, nimeongea na kaka. Atakuja na lori lake Jumamosi. Utaenda kukaa kwake."

"Kukaa kwake kufanya nini?"

"Kupona. Daktari amesema unavuta kitu. Kitu hicho ni vumbi langu la mbao. Mimi ndiye ninayekuua, Mama."

Mkamwana aliacha kutafuna. Bimkubwa alimtazama mwanawe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Alikuwa anaijua nyumba ya mwanawe mkubwa. Ilikuwa juu kabisa, ghorofa juu ya ghorofa. Majirani walipishana kwenye ngazi bila salamu. Kule angeamka asubuhi, ashike kiuno, halafu amkaripie nani? Mawingu?

"Siendi," alisema.

"Mama, sikufukuzi."

"Najua hunifukuzi. Unanihamisha. Kiti nacho huhamishwa."

Seremala alikaribia kulia. Naye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

*

Kesho yake Dada Afya alipita mtaani. Alikuwa afisa afya wa kata. Alitembea na begi mgongoni na viatu vya raba, na hakuna mlango ambao hakuwahi kuubisha. Alimkuta Bimkubwa amekaa kwenye ngazi za mlango, kimya. Akashtuka.

"Bimkubwa kimya? Nani amefariki?"

"Mimi," Bimkubwa alijibu. "Mazishi ni Jumamosi."

Alimweleza yote. Dada Afya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia karakana, akamwita seremala.

"Fundi, umejuaje kwamba ni vumbi lako?"

"Si unaliona? Limejaa kila mahali."

"Ndiyo, ninaliona. Hapo ndipo tunapokosea wengi. Tunalaumu tunachokiona. Vumbi kubwa linaonekana, linaanguka chini, na sehemu yake hunaswa puani. Silisifu. Wewe unayelivuta kutwa nzima linakudhuru, na lazima ujikinge. Lakini kuna chembe nyingine ndogo sana. Ukichukua unywele mmoja, chembe hizo ni nyembamba kuliko unywele huo mara nyingi. Pua haizikamati. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Nyingine zinaingia kwenye damu, zinausumbua hata moyo. Wazee, watoto wachanga na wajawazito ndio huumia zaidi."

"Sasa kama hazionekani, utazijuaje?" Bimkubwa aliuliza.

"Kwa kuzitega."

Bimkubwa alinyanyuka. Uhai ulimrudi machoni. "Kuzitega? Kama panya?"

"Kama panya. Na tukijua zinatoka wapi, tutajua cha kuondoa. Ukimhamisha mtu kabla ya kujua, huenda akahama na kikohozi chake."

"Umesikia?" Bimkubwa alimgeukia mwanawe. "Mtaalamu huyo. Mimi nina mpaka Jumamosi."

Mtego wenyewe ulikuwa rahisi. Dada Afya aliomba sahani nyeupe na mafuta ya mgando. Alipaka kila sahani mafuta kidogo, yang'ae tu. Sahani moja waliiweka kwenye ngazi za mbele. Nyingine karakana. Nyingine mlangoni kwa Unga. Ya mwisho Bimkubwa aliiweka mwenyewe kwenye kizingiti cha dirisha lake. Vumbi lolote lingepita, lingenasa.

Uchochoro wote ulijua. Mtu akipita karibu na sahani, Bimkubwa alipiga kelele, "Usipumue hapo, utaniharibia ushahidi!"

Kesho yake walizikusanya sahani zote, wakazipanga kwenye meza ya seremala. Unga naye alikuja, kajipangusa uso kwa heshima ya shughuli.

"Haya," alisema Dada Afya. "Msinitazame mimi. Tazameni sahani."

Sahani ya ngazi za mbele ilikuwa na chembe za kahawia, za mchanga. "Hilo ni vumbi la barabara," mkamwana alisema. "Magari yanalitimua."

Sahani ya karakana ilikuwa ya njano. Hiyo haikuhitaji mjadala. Sahani ya Unga ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe, huoni kitu mpaka uipapase kwa kidole.

Sahani ya dirisha la Bimkubwa ilikuwa tofauti. Ilikuwa na madoa meusi. Dada Afya aliweka kidole juu ya doa moja, akakivuta. Doa halikukwaruza kama mchanga. Lilipakazika kama wanja.

"Masizi," alisema. "Haya hayatoki kwenye msumeno, wala kwenye mashine ya kusaga. Masizi hutoka kwenye kitu kilichoungua. Na palipo na masizi unayoyaona, kuna moshi mwembamba zaidi usiouona."

Unga alipiga makofi. "Mimi nimeachiwa huru! Bimkubwa, si ulisema nakusaga?"

"Bado uko chini ya uchunguzi," Bimkubwa alimjibu.

Seremala aliishika sahani yake ya njano, akaitazama sana. Ni kama mtu aliyetua mzigo, lakini bado hajaamini kwamba amepumzika.

"Sasa," Dada Afya aliendelea, "sahani imetuambia ni kitu gani. Haikutuambia ni saa ngapi." Alitoa kipimo kidogo begini. Kilitoshea kiganjani, na usoni mwake kulikuwa na namba. "Hiki kinahesabu zile chembe ndogo. Namba ikiwa ndogo, hewa ni nzuri. Ikipanda, angalia haraka: nani anafanya nini, wapi, na upepo unaelekea wapi? Nakuachia mpaka kesho, Bimkubwa. Wewe ndiye mlinzi."

Hakuna mtu aliyewahi kupewa cheo akakishika kwa mikono miwili namna ile.

*

Mkosaji wa kwanza alikamatwa asubuhi na mapema. Bimkubwa alikuwa amefagia, amekusanya takataka zake, amezitia kiberiti kama kawaida. Kipimo kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake. Moshi ulipopanda, namba nayo ilipanda.

"Unga! Njoo uone! Nani anachoma kitu?"

Unga alikuja. Alitazama kipimo. Alitazama moto. Alimtazama Bimkubwa.

"Bimkubwa," alisema polepole, "kiberiti kiko mkononi mwako."

Bimkubwa alikitazama kiberiti. Kisha alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena. Aliumwagia moto ule ndoo nzima ya maji. "Haya, mmoja ameshapatikana. Asisamehewe!"

Lakini moto wa takataka ulikuwa mfupi, tena upande wa barabarani. Masizi yalikuwa dirishani, upande wa uani. Bimkubwa aliendelea na ulinzi. Seremala alipowasha msumeno, namba ilipanda karibu na mlango wa karakana, kisha ikashuka msumeno ulipozimwa. Chumbani kwa Bimkubwa haikutikisika sana. Gari kuukuu lilipita likitoa moshi mweusi. Namba iliruka, halafu ikatulia.

Baada ya chakula cha mchana, seremala alitoka kwenda kumfungia mteja mlango. Karakana ilikuwa kimya. Unga alikuwa amefunga mashine. Bimkubwa alifungua dirisha, akaweka mto wake, akaegemeza viwiko. Kipimo alikiweka pembeni.

Uani, mkamwana alipanga vipande vya mbao chini ya sufuria. Vilikuwa masalia ya karakana. Vingine vilikuwa na rangi ya bluu, vingine vilikuwa vya mbao za kubandikwa kwa gundi. Mumewe alimwekea kila siku, hasa vile vya rangi, kwa sababu vilishika moto upesi. Mkamwana alichomeka mfuko wa plastiki katikati, akauwasha.

"Sasa nikumalizie habari za yule mama wa nyumba ya wageni," alianza.

Moshi ulipanda, ukajikunja, ukapotea machoni. Bimkubwa aligeuza jicho. Namba ilikuwa inapanda. Ilipanda tena. Ilipita namba ya takataka. Ilipita namba ya lile gari kuukuu. Ikaendelea kupanda.

Bimkubwa aliutazama moto uliokuwa chini ya dirisha lake.

Alielewa papo hapo. Na alielewa lililofuata. Akisema, mkamwana atazima moto. Asipowasha moto, atafuaje mashuka? Kazi yake itakufa. Na yeye Bimkubwa ndiye atakayekuwa ameiua, kwa kusema tu.

Alikichukua kipimo, akakiviringisha kwenye mtandio, akakitia chini ya mto.

"Enhe," alisema kwa sauti nyembamba. "Yule mama akafanyaje?"

Dada Afya aliporudi, Bimkubwa alimkabidhi kipimo bila kumtazama usoni.

"Kiliisha betri," alisema.

"Kiliisha betri?"

"Mapema sana."

Dada Afya alibonyeza kitufe. Kipimo kiliwaka vizuri. Kabla hajasema neno, mkamwana alitoka uani, mikono ikiwa na povu mpaka viwikoni.

"Mama, acha. Nilikuona ulipokificha. Ni moto wangu, sivyo?"

Bimkubwa hakujibu. Yeye, mwenye ulimi usiolala.

"Ni moto wangu," mkamwana alirudia. "Na wewe ulikuwa tayari kupelekwa kwenye ghorofa huko, ukae peke yako, kuliko kunitaja?"

"Kazi yako ni nzuri," Bimkubwa alisema. "Mashuka yako ni meupe."

"Mashuka! Mama, ukiondoka, nitaongea na nani dirishani? Na sufuria?"

Wakati huohuo mlango wa mbele ulifunguliwa. Seremala aliingia anapiga mluzi, amekumbatia vipande vya mbao vya rangi nyekundu, kijani na bluu. Alivinyanyua juu kama mtu aliyeleta maua.

"Mke wangu! Za leo ni za rangi tupu! Zinashika moto kama petroli!"

Wanawake watatu walimgeukia kwa pamoja.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

*

Siku ile hakuna aliyeadhibiwa. Dada Afya alikaa nao uani, akawaeleza bila kuwatia hofu wala kuwabembeleza.

"Moto wa kuni peke yake unatoa chembe. Lakini huu wenu ulikuwa na mambo matatu ya ziada. Rangi, gundi na plastiki vikiungua hutoa sumu. Hivyo msivichome kamwe, hata kidogo, hata kwa kuwashia. Pili, moto uko chini ya dirisha. Tatu, mgonjwa yuko dirishani."

"Tunaongea," Bimkubwa alijitetea.

"Endeleeni kuongea. Tuondoe moto, si maongezi."

"Na maji ya moto nitayapata wapi?" mkamwana aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake.

Dada Afya hakukimbilia kujibu. "Nguo zote zinahitaji maji ya moto?"

Mkamwana alifikiri. "Hapana. Sare zenye mafuta na mashuka yenye madoa sugu. Nyingine ni mazoea tu."

"Jua linapiga wapi hapa?"

Seremala alidaka wazo hapohapo. Macho yake yalikuwa tayari yanapima. "Juu ya banda la kuanikia! Nitaweka pipa, nilipake rangi nyeusi kwa nje, nilifunike kwa kioo. Rangi nyeusi inashika joto. Nitafunga bomba lishuke mpaka kwenye beseni lake."

"Maji hayatafika kuchemka," Dada Afya alionya, "lakini yatapata joto zuri siku za jua. Siku ya mawingu, au nguo zikitaka maji ya kuchemka, tumieni jiko lenye bomba la moshi, kuni kavu zisizo na rangi wala gundi, kule mwisho wa ua, mbali na dirisha. Upepo uondoe moshi, usiulete ndani. Na usielekee kwa jirani, maana naye ana mapafu."

Kazi ilianza. Seremala alipiga misumari, mkamwana alimpangia, Bimkubwa aliwakosoa wote wawili. Unga alileta pipa. Seremala aligeuza pia karakana: kukata mbao kulihamia nje, chini ya kibanda kilicho wazi, na akanunua barakoa ya mafundi inayobana uso, si kitambaa. Vipande vya rangi na gundi alitenga. Vizuri alitengenezea vibao vya kuwekea viungo jikoni. Vibaya vilikwenda kwenye gari la taka.

Bimkubwa naye alibadilika, ingawa alitaka isisemwe. Alianza kunyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, vumbi lisiruke. Majani aliyafukia kwenye shimo, yaoze yawe mbolea. Na mtu mwingine akiwasha takataka mtaani, alimfikia kabla moshi haujamfikia yeye.

Siku ya Ijumaa Dada Afya alileta tena kipimo, wakakiweka dirishani wakati wa kufua. Mkamwana alikuwa analoweka mashuka kwa maji ya pipani, yenye uvuguvugu. Namba ilikaa chini, imetulia. Bimkubwa aliegemeza viwiko juu ya mto.

"Haya, yule mama wa nyumba ya wageni."

"Mama, jana nimekusimulia."

"Jana nilikuwa nakohoa, sikusikia vizuri."

Kikohozi hakikuondoka siku moja. Alimeza dawa zake, akarudi kwa daktari kama alivyoagizwa. Lakini kilishaanza kupungua nguvu, na watu wote wa uchochoro walijua, kwa sababu asubuhi walisikia tena majina yao yakiitwa kutoka mlangoni kwake.

"Nimpigie kaka simu asije?" seremala aliuliza jioni ile ya Ijumaa.

"Niachie mimi," Bimkubwa alisema. "Ni mwanangu, nitamwambia mwenyewe."

Jumamosi, lori lilipiga honi mlangoni. Mwanawe mkubwa aliteremka amechoka, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, Mama. Mizigo iko wapi?"

"Marahaba. Mizigo gani?"

"Ya kuhama!"

"Nani anahama?"

Kaka alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alimtazama mkewe. Mkewe aliangalia juu, kwenye pipa.

"Mama," kaka alisema, "nimeendesha tangu alfajiri. Chumba nimekipaka rangi. Mke wangu ametandika kitanda. Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ningekupigia, ungekuja?"

Kaka alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mara ya mwisho kukuona mlangoni hapa hata siikumbuki," Bimkubwa alisema. "Simu, simu, simu. Leo nimekuona na shati lako lote. Umekonda. Ingia, kuna chakula."

Unga alicheka kule mlangoni kwake mpaka unga ukamtoka mabegani. Kaka alijitahidi kukasirika, akashindwa. Tabasamu lilimtoroka upande mmoja wa mdomo.

"Sawa. Lakini umenisumbua, Mama. Angalau niombe radhi."

"Radhi ya nini? Ya kupona, au ya kukutamani?"

"Kidogo tu, Mama. Nusu radhi."

"Siombi. Na zima hilo lori, moshi wake unaniingilia ndani."

Kaka alipanda, akazima injini. Uchochoro ukawa kimya. Alichungulia kwenye dirisha la lori.

"Nimezima. Na radhi yangu?"

"Siombi," Bimkubwa alisema. "Nawa mikono ule."